Wote waliniambia ninunue kompyuta kubwa, kumbe mchawi alikuwa ruta

Nachora ramani za majengo, na niliingia kwenye mambo ya miwani ya uhalisia pepe, ile inayomwonyesha mteja nyumba ya kuchorwa kana kwamba yumo ndani yake, kwa sababu moja tu: nilichoka kuambiwa "kumbe chumba chenyewe kidogo hivi!" wakati kuta zimeshafika kwenye linta. Mteja anatazama ramani, anatikisa kichwa, anasaini. Miezi minne baadaye anasimama katikati ya sebule yake mwenyewe kama mgeni.

Mwanzo nilikuwa na miwani iliyofungwa kwenye kompyuta kwa waya. Mteja akitembea ndani ya nyumba yake ya kuchorwa, mimi nyuma nimebeba waya kama mpambe aliyeshika mkia wa gauni la bibi harusi. Akigeuka ghafla, namzunguka. Siku mama mmoja alipojifunga waya miguuni akitafuta mlango wa stoo, nikaapa kuhamia kwenye miwani isiyo na waya.

Nikahamia, na mateso yakaanza. Picha ilikwama, ikaruka, ikachanika vipande. Mteja wa kwanza alivua baada ya dakika mbili, akaomba maji ya kunywa na kiti.

Hapo washauri wakajitokeza. Kila niliyemuuliza alijibu wimbo uleule: kompyuta yako ni dhaifu, nunua kadi ya grafiki kubwa, kile kifaa cha ndani kinachotengeneza picha. Nikanunua. Fedha iliyokwenda sipendi kuikumbuka, ila ingetosha miwani nyingine na chenji ikabaki. Nikaichomeka, nikavaa miwani kwa mbwembwe mbele ya wenzangu wote, na picha ikakwama palepale ilipokuwa inakwama jana.

Ambalo hakuna aliyeniambia ni hili. Ukitumia miwani isiyo na waya pamoja na kompyuta, picha inatengenezwa kwenye kompyuta, inabanwa kama video, kisha inarushwa hewani kwa Wi-Fi. Wakati huohuo miwani inarudisha habari kwamba kichwa kimegeuka kushoto. Kwa picha 90 kwa sekunde, kila picha ina milisekunde 11 hivi. Sasa ruta ya ofisi, kile kifaa kinachogawa Wi-Fi, ilikuwa kwenye korido, nyuma ya ukuta wa zege, na kompyuta yangu nayo ilikuwa inatumia Wi-Fi. Kwa hiyo kila picha ilivuka ukuta kwenda kwenye ruta, ikavuka tena kurudi chumba kilekile ilikotoka, huku ikigombania njia na simu za ofisi nzima. Kadi ya grafiki ingesaidia nini hapo?

Nilichukua ruta ndogo, ya bei ya kawaida kabisa, nikaiweka juu ya kabati chumba hichohicho. Kompyuta nikaiunganisha nayo kwa waya wa mtandao, na kwenye masafa ya 5 GHz nikaacha miwani peke yake, simu ya mtu yeyote marufuku. Nacheka hadi leo: ili niondoe waya, ilibidi ninunue waya. Lakini picha ilitulia kama maji mtungini. (Usijaribu mtandao wa wageni wa ofisi. Mingi imewekwa ili vifaa visionane, utatafuta kompyuta yako kwenye miwani mpaka jioni.)

Likabaki pepo moja. Kila baada ya muda kila kitu kinakatika, dakika nzima, kisha kinarudi kana kwamba hakijafanya kosa. Nilikaribia kuamini nimelogwa. Kumbe ruta ilikuwa imejichagulia chaneli (njia ndogo ndani ya masafa) ya mia na kitu, na chaneli hizo za 5 GHz zinatumiwa pia na rada. Ruta ikisikia rada, au ikidhani imesikia, kanuni inailazimu ihame. Nikaifungia kwenye chaneli ya 36 na pepo akaenda zake.

Modeli nazo, yaani hizo nyumba za kuchorwa kwenye kompyuta, punguzeni jamani. Nilikuwa na bomba la sinki nililopakua kwenye tovuti ya mtengenezaji, limechorwa hadi hesi za ndani ambazo hakuna jicho litakaloziona. Kompyuta hujenga kila umbo kwa pembetatu ndogondogo, na bomba hilo moja lilikuwa na pembetatu nyingi kuliko ghorofa nzima ya juu. Nilifuta hilo na miti ya bustani, modeli ikawa nyepesi.

Sasa nije kwenye fedheha yenyewe. Kabla ya kuanza, miwani inahitaji kujua sakafu iko wapi, na yangu naipanga kwa kugusisha kidhibiti cha mkononi chini. Siku hiyo nilikuwa na haraka, nikakigusisha juu ya meza. Akaja mzee mmoja, mteja mkubwa, mtu wa maneno machache. Nikamvalisha, nikamsimamisha jikoni kwake. Kimya. Akainua kidevu. Kimya tena. Halafu akasema, "Kijana wangu, hili jiko umewachorea majitu?" Kaunta ilikuwa usawa wa macho yake! Dirisha lilikuwa juu kama la jela. Nikafungua mchoro mbio: kaunta sentimita 90, sawasawa. Nikapima mara mbili, nikaanza hata kuomba radhi na kuahidi kuishusha. Ni kijana anayejifunza kazi ofisini aliyeninong'oneza, "Kaka, mzee amezama kwenye sakafu." Kwa vipimo vya miwani alikuwa amefukiwa hadi mapajani. Tangu siku hiyo kila modeli yangu ina sanamu ya mtu wa sentimita 170 amesimama mlangoni. Nikivaa na tusipotazamana usoni, najua sakafu imekosewa.

Mzee huyohuyo, sakafu iliporekebishwa, alifurahi mno akaenda kuegemea kaunta. Kaunta haipo. Nilimdaka kiwiko, mgongo wangu ukalipia wiki nzima.

Hapo ndipo nilipopata akili ninayojivunia kuliko mchoro wowote niliowahi kuchora. Nilichukua meza ya kazi ya ofisini, nikaiinua kwa vipande vya mbao mpaka ikafika sentimita 90 kamili. Nikabandika alama ya msalaba sakafuni kwa utepe, na kwenye modeli nikaweka mahali pa kuanzia umbali uleule kutoka kwenye kaunta. Mteja anasimama kwenye msalaba, anatazama dirisha, narekebisha mwelekeo, basi. Anaponyoosha mkono kugusa kaunta ya kuchorwa, mkono unakuta meza ya kweli. Mtu anashtuka, anacheka, anaipapasa, kisha anaizunguka mzima mzima, na waya haupo wa kumkwaza. Baada ya hapo hana tena maswali ya "hii ina upana gani". Vyumba vingine namrusha kwa mruko mmoja mmoja. Kumtelezesha polepole kwa kitufe ni kumwita kichefuchefu.

Saitini ni habari nyingine. Mara ya kwanza niliiacha miwani juu ya tofali, lenzi zikitazama jua, kwa muda wa kujibu simu. Lenzi hukusanya jua kama vile vioo vya kuwashia moto, na doa lililochomeka kwenye skrini ninalo hadi leo, liko kushoto juu. Nje kwenye jua kali kamera zake huchanganyikiwa, na helmeti haikai juu yake. Kwa hiyo sasa natumia chumba chenye kivuli, kisicho na kazi juu yake, na modeli nyepesi iliyopakiwa ndani ya miwani yenyewe, bila kompyuta wala ruta. Betri ni saa mbili hivi, panga maneno yako.

Nilimvalisha fundi bomba nikitegemea atashangaa. Hakushangaa. Alichuchumaa, akaingiza kichwa kwenye nafasi ya mabomba, akazungusha mkono hewani mara mbili tatu. "Bosi, hii valvu nitaifungaje? Spana inapita wapi?" Nilikuwa nimeacha sentimita sita kati ya valvu na ukuta, na wahandisi wawili walishapitisha mchoro. Ukuta ulihamishwa siku hiyo kwa panya ya kompyuta badala ya nyundo.

Uongozi sasa unataka ile meza iondolewe, eti inaharibu sura ya chumba cha mikutano. Nimewaambia waje wavae miwani kwanza.