Kutoka Saa Tano hadi Saa Tano

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu alinipigia simu usiku kutoka wodi ya watoto. Mwanawe alikuwa amelazwa kwa malaria kali, na alichotaka kujua ni jambo moja tu: kwa nini hawamtundikii mtoto dripu, ilhali midomo imemkauka na kila mwenye macho anaona? Nilimjibu kwa kirefu kuliko alivyotarajia, kwa sababu swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe mwaka juzi, mwezi Machi, tena kwa sauti kali kuliko yake, na aliyenijibu alikuwa muuguzi mtu mzima ambaye hakunionea haya wala kunionea huruma.

Mtoto wetu alikuwa na miaka mitatu. Tunaishi Mwandiga, Kigoma, na kwa kuwa baba yake hufanya kazi Uvinza, siku za katikati ya wiki huwa nipo nyumbani na mtoto pamoja na mama mkwe, ambaye alihamia kwetu kutoka Ujiji ili nipate nafasi ya kufundisha. Homa ilianza Jumapili jioni, nikampa dawa ya kushusha joto na kumfuta kwa kitambaa chenye maji. Jumatatu asubuhi, nilipokuwa najiandaa kumpeleka zahanati, macho yake yalipinduka, mikono ikakakamaa, na mwili mzima ukaanza kutetemeka mikononi mwa bibi yake.

Mama mkwe alisema, bila kupandisha sauti, "Hii ni degedege, mwanangu. Usimpeleke akachomwe sindano. Degedege haipatani na sindano."

Kauli hiyo si ya Kigoma peke yake. Wazee wengi nchini mwetu walilelewa wakiambiwa kwamba degedege ni kitu cha pepo, kwamba hutibiwa kwa moshi na mitishamba, na kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano hufa. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, na sidhani kwamba lilizuka kwa ujinga. Mtoto alitibiwa nyumbani siku mbili tatu, akafikishwa hospitali akiwa hoi, akachomwa sindano, na baada ya saa moja akakata roho. Waliokuwapo waliona sindano, hawakuona zile siku tatu. Mama mkwe mwenyewe aliwahi kuzika mtoto kwa namna hiyo. Kwa hiyo sikubishana naye. Nilimwambia tu, "Mama, tutakwenda wote," naye akavaa khanga yake akapanda bajaji pamoja nasi.

Hospitali tuliyofika sitaitaja, kwa sababu nina neno la kulalamika na nina maneno mengi ya shukrani, na sitaki lile moja liyafunike haya mengine. Mapokezi kulikuwa na foleni ndefu, lakini mhudumu mmoja alimtazama mtoto jinsi alivyolegea begani kwangu, akamfinya kidogo kidoleni kuona kama angelia, kisha akatupitisha mbele ya wote. Kipimo cha haraka cha malaria kilionyesha mistari miwili. Nilitoa kadi ya kliniki ili wasome uzito wa mwezi wa kwanza, daktari akairudisha mkononi mwangu akasema mtoto apimwe upya sasa hivi. Alikuwa na kilo 13. Sikuelewa kwa nini suala la mizani lipewe uzito wote ule wakati mtoto hajazinduka, hadi nilipoiona dawa yenyewe ikitayarishwa.

Atesuneti, sindano ya malaria kali, huja ikiwa unga ndani ya kichupa kidogo chenye miligramu 60. Muuguzi aliuyeyusha unga huo kwa maji yake maalumu, akauongezea maji mengine, akavuta mililita nne kwenye bomba la sindano, na kilichobaki akakitupa. Nilishtuka kuona dawa ikimwagwa katika wodi ambayo ilikuwa na watoto wawili wawili kila kitanda. Alinieleza huku akiendelea na kazi yake: mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu tatu kwa kila kilo, na wangu alihitaji miligramu 39, dawa ikishachanganywa haina maisha marefu, inatakiwa itumike ndani ya saa moja, kwa hiyo kumwekea mtoto yuleyule kwa ajili ya usiku ni kumchoma maji yasiyo na nguvu. Kisha akaniuliza kama nina kalamu.

"Andika kiganjani, mama. Ya kwanza ni hii, saa tano asubuhi. Ya pili ni saa tano usiku. Ya tatu ni kesho saa tano asubuhi. Kabla ya hizo tatu hakuna vidonge, na baada ya hizo, kama anakunywa bila kutapika, tutamwanzishia dawa mseto za siku tatu."

Niliandika "5, 5, 5" kwa wino wa bluu, kama mwanafunzi anayejiandaa kuibia mtihani.

Sindano hiyo haikuwapo nilipokuwa mtoto. Sisi tulitundikiwa kwinini kwenye chupa na masikio yakavuma kwa siku kadhaa. Utafiti mkubwa uliobadilisha mambo ulitolewa mwaka 2010, baada ya kuhusisha watoto 5,425 waliolazwa katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwamo. Katika kila watoto mia moja waliopewa kwinini walikufa takriban kumi na mmoja, na waliopewa atesuneti walikufa kama wanane na nusu. Tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo kwa mtu anayeisoma akiwa amekaa sebuleni.

Sasa kuhusu dripu. Mchana ule mtoto alizinduka, akafungua macho, akanywa maji vijiko vichache na kulala tena. Kitanda cha jirani kulikuwa na mtoto mwenye kuharisha aliyekuwa ametundikiwa chupa, na kila nilipoitazama ile chupa niliona kwamba yule anatibiwa na wangu ametelekezwa. Huku kwetu dripu ndiyo matibabu. Mtu akitoka hospitali bila kutundikiwa maji, ndugu humuuliza kama kweli alilazwa. Nilimfuata muuguzi, nikamwambia maneno ambayo sasa yananiaibisha. Akanisubiri nimalize, akaniambia kwamba mtoto wa jirani amepoteza maji kwa kuharisha hadi ngozi ya tumbo ukiivuta hairudi, kwa hiyo yale maji yanarudisha kilichopotea na ndiyo yanayomponya. Wangu hajapoteza maji, ana homa. Mtoto mwenye malaria kali au maambukizi makali, akimiminiwa maji mengi kwa haraka, anaweza kuzidiwa.

Sikumwamini siku hiyo. Nilikuja kuthibitisha baadaye kwamba jambo hilo lilipimwa hapa hapa Afrika Mashariki, katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania, kwa zaidi ya watoto 3,000 waliofikishwa wakiwa na homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini. Baadhi walimiminiwa maji kwa kasi, kama vitabu vya wakati huo vilivyoelekeza, na wengine hawakumiminiwa. Matokeo yalipotoka mwaka 2011 yaliwaduwaza hata waliofanya utafiti wenyewe: katika saa 48 za kwanza, waliomiminiwa walikufa kama kumi na mmoja kwa mia, na wasiomiminiwa saba kwa mia. Kwa hiyo mama anayeona mwanawe hajatundikiwa dripu asidhani moja kwa moja kwamba amesahauliwa. Aulize sababu, na sababu hiyo adaiwe mhudumu aitoe kwa lugha inayoeleweka.

Kusahauliwa kwenyewe kulitokea, lakini kwa jambo jingine. Zamu ilibadilishwa jioni; yule muuguzi mtu mzima akaenda nyumbani, na usiku tukabaki na muuguzi mmoja kwa wodi nzima, binti mdogo ambaye sikumwona akiketi hata mara moja. Saa tano ikafika. Saa tano na robo ikapita. Nilitazama kiganja, nikatazama simu, nikajiambia kwamba wao ndio wanaojua. Ilipofika saa tano na dakika arobaini nilinyanyuka, nikamwonyesha mkono wangu. Alikwenda mezani, akapekua, na faili la mtoto wangu halikuwamo katika rundo la watoto wa sindano za usiku, kwa sababu lilikuwa limepelekwa maabara pamoja na majibu ya wingi wa damu na halikurudishwa. Hakunikaripia. Aliniomba radhi, akaleta kichupa kipya, na sindano ikaingia saa sita kasoro dakika tano.

Hilo ndilo lalamiko langu, na bado nina hasira nalo, ingawa si kwa yule binti. Mpango unaotegemea faili moja la karatasi lisitembee kutoka meza hii hadi ile una kasoro, na muuguzi mmoja kwa watoto wote wale ni kasoro kubwa zaidi. Lakini kilichoiziba kasoro hiyo kilikuwa wino kiganjani, na huo niliupewa na mtu aliyeona kwamba mama anayekesha pale anastahili kujua ratiba ya dawa. Wapo akina mama wengi mle ndani ambao hawakupewa wino huo.

Kosa la pili la usiku ule lilikuwa langu. Niliambiwa mtoto alishwe chochote kila baada ya saa mbili au tatu, hata uji mwepesi wenye sukari, na akikataa niseme. Alipolala baada ya sindano nilimwonea huruma, nikaona usingizi nao ni dawa, nikamwacha. Kama saa nane hivi niligusa shingo yake nikakuta jasho la baridi, na nilipomwita jina hakuitika. Binti wa zamu alimtoboa kidole, mashine ya kupima sukari ikasoma 1.9, yaani sukari imeshuka mno, naye akakimbia. Alimwingizia polepole sukari ya maji kupitia kanula ileile ya mkononi, kile kimrija cha mshipani, mililita kama 65, na kabla hajamaliza mtoto alikunja uso na kuanza kulia. Malaria kali yenyewe hushusha sukari ya mwili, na mtoto mdogo asiyekula hana akiba. Dalili zake hufanana na usingizi mzito au na malaria kupanda kichwani, na asiye karibu hawezi kuzitofautisha mpaka apime. Aliyekuwa karibu ni mimi, kwa sababu nilikuwa nimelala sakafuni chini ya kitanda, juu ya kitenge, mkono wangu mmoja ukiwa umeshika mguu wake.

Nilisoma kwamba huko Uingereza kulikuwa na wakati ambapo wazazi walizuiwa kukaa na watoto wao wodini, na hospitali nyingine ziliruhusu kutembelea mara chache tu kwa wiki, hadi kamati ya serikali iliyoongozwa na Harry Platt iliposhauri mwaka 1959 kwamba wazazi wawe huru kuwatembelea. Kwetu mama hajawahi kufukuzwa kando ya kitanda. Tatizo letu ni la upande wa pili: tumezoea kumwona pale kiasi kwamba hahesabiwi. Ndiye anayelisha, anayesafisha, anayepeleka damu maabara, anayemkimbilia muuguzi, halafu hana pa kulala, na jiko la wauguzaji ni mafiga matatu nyuma ya jengo ambayo mvua ikinyesha hayana kazi. Matibabu ya mtoto wa chini ya miaka mitano katika hospitali ya serikali hayalipiwi, na hilo ni jambo kubwa. Chakula cha anayemuuguza, nauli na sabuni havimo katika msamaha huo. Siku ile ya pili chakula chetu kilitoka kwa mama wa kitanda cha jirani, mke wa mvuvi wa Katonga, ambaye ndugu zake walimletea ugali na migebuka na akakata katikati bila kuuliza.

Mama mkwe alikuwapo sindano ya tatu ilipochomwa, saa tano asubuhi. Alisimama mlangoni, akatazama mwanzo hadi mwisho, kisha akaomba aonyeshwe kichupa kitupu. Alikigeuzageuza mkononi kwa muda, akakirudisha, na hakusema lolote. Alhamisi tuliruhusiwa tukiwa na dawa mseto na karatasi ya kurudi baada ya wiki moja ili damu ipimwe tena.

Wiki hiyo niliacha tabia moja. Kabla ya hapo, mtoto akikataa kula nilikuwa namwambia nitamwita daktari amchome sindano, kama nilivyoambiwa mimi na mama yangu. Nililikumbuka hilo wodini, nilipolazimika kumshika mikono na miguu ili watu niliokuwa nikimtishia nao wapate mshipa. Siku ya kurudi nilimwambia tukiwa bado kwenye bajaji: tunakwenda kutobolewa kidole, itauma kidogo, halafu tutapita Mwanga kununua machungwa. Alilia, na alipomaliza kulia akauliza kama ni kidole kimoja au vyote.