Kamba Iliyoleta Maji Dunguni

Dungu la mjomba, yaani kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia shamba, lilisimama kwenye tuta kubwa lililogawa majaruba yake ya mpunga, bonde la Lukuledi, upande wa Nyangao, mkoani Lindi. Binamu alikuwa amelijenga Februari 2020, mvua zilipokatika kidogo kama zinavyokatika mara nyingi mwezi huo. Kwa macho lilikuwa zuri. Nguzo nne, uchaga wa mianzi mita 2 kutoka ardhini, upana mita 1.8 na urefu mita 2.4, makuti juu, na juu ya makuti turubai la buluu la mita 4 kwa 5. Machi vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona, nikarudi kwa mjomba, nikapewa zamu ya kulinda usiku. Mpunga ulikuwa unatunga, na nguruwe pori hangoji uive.

Dungu la mlinzi si kificho cha mwindaji. Mwindaji hataki kunuswa wala kusikika, sisi tunapiga debe na kupayuka ili nguruwe ajue tupo. Lakini wote wawili wanahitaji kitu kimoja, masikio. Nguruwe akiingia jarubani usiku humwoni, unamsikia: maji yanachapwa, mabua yanakatika. Hilo turubai la buluu lilikuwa limeniziba masikio tangu siku ya kwanza. Upepo ukivuma linapigapiga kama tanga lililokosa kamba, na mvua ikianza ndiyo kabisa, unakaa ndani ya ngoma.

Mwezi mzima wa Machi halikuvuja. Mwanzoni mwa Aprili kaskazi ikaisha, mvua ya kwanza ya kusi ikaja usiku, na kufika saa tisa godoro lilikuwa limelowa upande mmoja, blanketi limelowa, tochi imeingia maji. Nilishuka nikakimbilia kibanda cha jirani. Asubuhi majaruba mawili yalikuwa yamelala chini, nyayo za kwato kila mahali.

Mjomba alifika nikiwa nakamua blanketi. Nikamwamkia, akaitikia, akapanda ngazi bila neno, akashika godoro.

"Limelowa wapi kwanza?"

"Huku kwenye nguzo, mjomba. Turubai lina matundu, nimeyaona."

"Matundu yako katikati ya paa. Godoro limelowa pembeni. Maji yanashuka, mpwa wangu, hayarukiruki."

Matundu yalikuwapo kweli. Binamu alikuwa amelipigilia turubai kwenye mwamba, yaani ule mti wa juu kabisa wa paa, kwa misumari 14 ya inchi 3. Turubai la plastiki likipigiliwa hivyo, kila upepo unalivuta kwenye msumari, na tundu la kwanza dogo kama punje ya ufuta baada ya mwezi linaingiza kidole. Kama huna budi kupigilia, toboa kizibo cha soda, weka kipande cha mpira wa kandambili chini yake, ndipo upige msumari. Kizibo kinatandaza mkazo na mpira unaziba. Bora zaidi usipigilie kabisa. Kwenye kona weka kijiwe cha ukubwa wa limau, kikunjie turubai, funga kamba shingoni mwake. Hakuna tundu, na turubai litachanika kwingine kote kabla ya pale.

Ila mjomba hakutaka kushona wala kuziba chochote kabla ya kujua. Alichukua majivu makavu, akapaka nguzo zote nne na mitambaapanya, ile miti ya kulala juu ya vichwa vya nguzo, kwa ndani. Akatoboa kopo kwa msumari, matundu kama kumi, nikapanda na debe la maji. Amri yake ilikuwa nianze chini ya paa, ukingoni, nimwage kopo tano mahali pamoja, ningoje, kisha nipande hatua moja. Ukianza juu kwenye mwamba maji yanalowesha kila kitu na hutajua yameingilia wapi.

Kopo la tatu tu, upande wa kusini, akaita. Kwenye majivu ya nguzo kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba, unashuka hadi uchagani. Tukaufuata kwenda juu. Haukutoka kwenye paa. Ulitoka kwenye kamba. Binamu alikuwa amefunga turubai kwa kamba sita, zote zimepita chini ya ukingo wa paa na kufungwa kwenye nguzo kwa ndani, zimekazwa, zimeteremka kutoka nje kuja ndani. Maji yaliyofika ukingoni badala ya kudondoka yalishika kamba, yakaongozwa kama kwenye bomba mpaka kwenye nguzo, na kutoka nguzo mpaka kwenye godoro. Kaskazi ilipokuwa inavuma, upande huo haukulowa, ndiyo maana Machi hatukujua.

Binamu, ambaye muda wote huo alikuwa ameshika ngazi kimya, akasema basi tukate kamba tufunge upya, kazi ya nusu saa. Mjomba akamwonyesha paa. Urefu wa mwamba kutoka usawa wa mtambaapanya ulikuwa sentimita 60, na kutoka katikati hadi ukingoni mita 1.3. Hiyo ni mteremko wa nyuzi 25 hivi. Makuti yanataka 45. Kwenye paa la kulala maji yanatembea taratibu, yanapata nafasi ya kunywewa na jani, jani linaoza, na kuti lenye kuoza linashika maji zaidi. Tena binamu alikuwa amepanga safu kwa kuachanisha sentimita 25, makuti 60 paa zima, akitegemea turubai. Na turubai lililolazwa juani halidumu. Jua ndilo linalolimaliza, wala si mvua. Likishaanza kuacha unga wa buluu mkononi, limekwisha.

Kwa hiyo tukabomoa.

Mwamba tuliupandisha kwa miti miwili mipya yenye panda, hadi mita 1.3. Hesabu yake ni nyepesi: ukitaka nyuzi 45, kimo cha mwamba kiwe sawa na umbali kutoka katikati hadi ukingoni, basi. Paa likiwa refu linashika upepo, ikabidi tufunge mishikizo ya mshazari kati ya nguzo, pande zote nne, chini ya uchaga. Hili watu wengi hulisahau, kisha wanashangaa dungu linapoinama Mei. Miguu ya nguzo tuliifukua tukaipaka oili chafu hadi sentimita 60, kwa ajili ya mchwa. Mpingo usingehitaji hilo, lakini mpingo haukatwi bila kibali.

Turubai lilikuwa na matundu yake 14 kwenye mstari mmoja, ule uliokuwa juu ya mwamba. Binamu alitaka kuyaziba kwa gundi ya kuzibia tyubu za baiskeli. Haishiki. Gundi ile hushikana na mpira, na plastiki ya turubai haiikubali, ikikauka inabanduka kama ganda la kidonda. Akasema basi nta, maana mjomba alikuwa nayo kama kilo moja kutoka kwenye mizinga. Nta nayo inahitaji kitambaa kinachonywa. Kwa kanvasi ya pamba ni dawa nzuri: inayeyushwa ndani ya sufuria iliyokaa kwenye maji ya moto, inaongezwa mafuta kidogo isipasuke ikipoa, inapakwa kwa brashi, kitambaa kinaachwa juani kinywe. Wanaotumia mafuta ya taa huyatia sufuria ikiwa imeshaondolewa mbali na moto, na asiyefanya hivyo huunguza nyusi zake, au nyumba. Kwenye plastiki nta inakaa juu juu, siku ya pili inadondoka vipande.

Mjomba alikata. Alipitisha kisu kwenye ule mstari wa misumari, akapunguza sentimita 5 kila upande, matundu yote yakaenda na utepe uliotupwa. Tukabaki na vipande viwili, kila kimoja mita 4 kwa 2.45. Mteremko mpya wa paa ulikuwa sentimita 184. Kipande cha kaskazini kikatangulia, kikavuka mwamba kwa sentimita 40 kuingia upande wa kusini. Kisha cha kusini kikaja juu yake, nacho kikavuka sentimita 40 kwenda kaskazini. Cha kusini lazima kiwe juu. Ukigeuza, kusi inasukuma maji chini ya pindo na umefanya kazi bure. Sentimita 20 na ushei zilizobaki chini tulizizungushia ufito mara mbili na kufunga ufito, si turubai. Na ule urefu wa mita 4 juu ya mwamba wa mita 3 ulituachia nusu mita kila mwisho ya kuteremshia kwenye pembe za paa.

Safari hii turubai lingekaa chini ya makuti, jua lisilimalize. Sasa swali lilikuwa namna ya kuweka makuti juu ya turubai bila kulitoboa. Hapa nilidhani tutakwama, maana fito za makuti hufungwa kwenye makombamoyo, ile miti inayoteremka kutoka mwamba hadi ukingoni, na makombamoyo yalikuwa chini ya turubai. Mjomba alichukua mianzi kumi, akaifunga miwili miwili kichwani kama mkasi, akaitandika juu ya mwamba kama shogi juu ya punda, jozi tano. Chini kila mwanzi ukafungwa kwenye ufito uliozungushiwa turubai. Juu ya mianzi hiyo ndipo tukafunga fito za kulala, kwa kamba za magome, kila sentimita 12. Hakuna sindano wala msumari uliogusa turubai, na mianzi iliacha nafasi ya hewa, upana wa vidole viwili, kati yake na makuti. Nafasi hiyo si ya urembo. Makuti yakilala moja kwa moja juu ya plastiki hayakauki kwa chini, na hata kama ni mapya msimu mmoja unayaozesha.

Makuti ya viungo, yaani yaliyoshonwa kwenye kijiti kiitwacho upapi, tulinunua 200 Mingoyo, yakaja kwa pikipiki mizigo miwili. Kila kuti lilikuwa na sentimita 75, tukapishanisha 15 pembeni, kwa hiyo matano yalitosha safu ya mita 3. Safu 16 kila upande ni makuti 160. Kama 20 yalikwenda kwenye mgongo, yamekunjwa kukalia mwamba na kubanwa kwa mianzi miwili mirefu. Vijiti vinavyobana mianzi hiyo vipitishwe kwa kuinamia nje pande zote. Kijiti kilichoinamia ndani ni kamba ya binamu kwa umbo jingine. Yaliyobaki tuliyaweka kando kwa viraka, na yalitumika. Usipange kuti huku umelishika kwenye majani, shika upapi, la sivyo mishono inalegea kabla halijafika juu.

Ukingo wa kusini tuliurefusha kwa makuti ya safu mbili zaidi, yakaning'inia. Pande zote nne za dungu lazima ziwe wazi ili uone, kwa hiyo mvua ya ubavu inahitaji pazia la kushusha. Mikoroshoni hakukosekani mifuko mitupu ya salfa, dawa ya unga ya mikorosho, ile ya kilo 25. Tuliiosha kwanza, kwani vumbi lake linachoma macho, tukaipasua na kuishona mitatu mitatu. Hapo nta ya mjomba ikapata kazi: uzi ulipitishwa kwenye bonge la nta kabla ya kutungwa sindanoni, ukaziba tundu la sindano wenyewe. Chini ya kila pazia tulishonea mwanzi mzito, ili upepo usilipigepige. Bila mwanzi huo ungerudia kelele zilezile za turubai.

Kamba zikaja mwisho. Zilizoweza kufungwa nje zilifungwa nje, kwenye ncha za mitambaapanya zilizochomoza. Mbili hazikuwa na njia ila kuingia ndani, za kuinulia mapazia. Hizo hazikukazwa. Ziliachwa zilegee, zishuke chini ya pale zinapofungiwa kwa upana wa viganja viwili, ndipo zipande kwenda nguzoni. Kwenye tumbo la kila kamba mjomba alifunga kitambaa kilichoning'inia kama ulimi. Maji yakija yanafika kwenye ulimi, yanadondoka nje. Binamu alipiga magoti akatazama kopo la kwanza likimwagwa, tone moja, la pili, yote yakiangukia matopeni, kisha akasema, "Haya, nimekoma." Mjomba akacheka hadi akakaa.

Kazi yote ilichukua siku mbili na robo, robo hiyo ikiwa ni mtaro wa sentimita 20 kuzunguka nguzo. Usiku wa tatu ilinyesha tangu magharibi. Chini ya makuti mvua ilikuwa mbali, kama inanyesha kwa jirani, na kabla ya saa sita nikasikia maji yakichapwa upande wa mkondo. Nilipiga debe mpaka mkono ukauma. Asubuhi nyayo zilikuwa zimeingia hatua kumi hivi, zikageuka.

Nguzo ya kaskazini mashariki ilibaki na tone lake. Tulipaka majivu mara tatu, tukamwaga debe zima, mchana halikuonekana. Usiku wa mvua kubwa linakuja, moja baada ya muda mrefu. Mjomba hatimaye alisogeza godoro shubiri moja, akaning'iniza kopo chini yake, na alfajiri alipokuja kunipokea zamu alinawia uso maji yale.