Waya wa Muzee

Oktoba ya Lubumbashi haina huruma kwa injini. Mvua bado, vumbi jekundu limeshika kila kitu, na mwaka 2016 mimi nilikuwa nimenunua gari ambalo mwenye akili timamu asingelinunua huku: Toyota MR2 ya 1993, usukani kulia, viti viwili, injini nyuma ya mgongo wa dereva. Rafiki zangu walilicheka jina kabla ya kulicheka gari. Ukilitamka kwa Kifaransa linatoka tusi. Ndiyo maana kule Ufaransa Toyota waliliuza kama MR tu.

Tatizo lilianza na harufu. Kitu kitamu, kama sukari iliyoungua, kilitoka nyuma ya viti kila niliposimama kwenye foleni. Chupa ya akiba ya maji ya kupoza injini ilipungua karibu nusu lita kwa wiki, lakini asubuhi chini ya gari pakavu. Siku niliyojaribu kwenda Likasi, kilomita 120 hivi, mshale wa joto ulipanda kabla sijafika nusu ya njia. Nikageuza, nikarudi polepole na hita imefunguliwa mpaka mwisho, jasho likinifika kwenye soksi.

Fundi wa kwanza hakugusa kitu. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema ni joint de culasse, gasketi ya kichwa cha injini, injini ifunguliwe: dola 400. Nikamwachia 150 za kuanzia. Sijui nilikuwa na haraka gani.

Jirani yetu wa mtaa wa Katuba, muzee mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi, aliposikia alicheka.

"Moshi iko mweupe?"

"Hapana, papa."

"Mafuta iko kama maziwa?"

"Hapana."

"Basi leka kichwa ya watu. Leta gari kesho asubuhi, motere ikiwa baridi."

Asubuhi hiyo hakushika spana hata moja. Alipitisha vidole kwenye kila diriti, ile mipira ya kupitisha maji, akiiminya katikati, kisha karibu na vibano. Katikati ilikuwa ngumu kiasi, lakini miishoni baadhi ililegea kama ndizi iliyoiva mno. Hapo ndipo mpira hufa kwanza, aliniambia, na hufia ndani, nje ukiwa bado unang'aa. Kisha akatoa mtambo wake: kifuniko kizee cha rejeta alichokichomelea valvu ya tairi, na pampu ya baiskeli. Akapiga presha polepole, tukanyamaza wote wawili.

Sss. Chini ya manifoldi, yale mabomba yaliyoshikana na injini, mahali ambapo jicho halifiki, diriti fupi ya kona ilikuwa inatoa jasho. Aliingiza kioo cha kunyolea, nikaona ukoko mweupe umejipanga kando ya kibano. Maji yalikuwa yakidondokea chuma cha moto na kugeuka mvuke kabla ya kufika chini. Na mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya bahari; maji matupu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Presha ndiyo inayoyazuia, nayo ilikuwa ikitoroka kwenye tundu ambalo sindano isingeingia.

Nilitaka kuing'oa kwa koleo. Akanipiga kofi la mkono. Mpira uliogandia huchanwa kwa wembe kwa urefu wake, ukilazimisha unavunja shingo ya bomba. Tulipoifungua, ndani ilikuwa na mipasuko mirefu kama ardhi ya kiangazi.

Ya MR2 haikupatikana mjini. Muuzaji mmoja alinipa mpira ulionyooka, bei ya bure. Muzee aliukunja mbele yangu, ukajifinya kwenye kona na njia ya maji ikafunga. Akachukua waya, akaukunja kufuata umbo la ile ya zamani, akanituma soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Nilizunguka saa mbili nikilinganisha waya na diriti zilizoning'inia, watu wakidhani nafanya dawa. Mwishoni ikaingia sawasawa kona ya diriti ya RAV4 ya zamani. Tukakata ncha zilizozidi.

Kufunga kulichukua dakika ishirini. Kutoa hewa kulikula alasiri nzima, maana rejeta iko mbele, injini nyuma, na maji, zaidi ya lita 10, husafiri kwenye mabomba marefu chini ya gari. Mjukuu wake alishikilia mrija wa plastiki juu ya buti la mbele akituhesabia mapovu. Alifika themanini na kitu, akachoka, akaanza upya.

Jumapili nikaenda Likasi na kurudi. Mshale haukusogea, na harufu ya sukari haikuwepo. Niliporudi kushukuru, nikakuta ule waya umetundikwa kwenye msumari ukutani kwa muzee, na chini yake ameandika kwa chaki: MR. Ile mbili ameiacha, mama wa nyumba asije akasoma.