Nilivyorudisha waifai kwenye Ubuntu bila kununua kadi mpya

Kuna ushauri unaonikera: ukiweka Ubuntu, mfumo wa kompyuta wa familia ya Linux, na waifai ikapotea, unaambiwa kadi ya waifai imekufa. Fundi aliniambia hivyo kuhusu mashine yangu ya mtumba. Ninunue kadi ya kuchomeka, kama elfu thelathini hivi, au nirudi Windows. Kadi hiyohiyo iliyodaiwa kufa, asubuhi ya siku hiyo ilikuwa inashika mtandao vizuri kabisa kwenye Windows! Mwingine akasema nifute Ubuntu 22.04 niiweke upya. Sasa kama mfumo haukuja na draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi, kuuweka tena kutaileta kutoka wapi?

Nikafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, nikaandika lspci -nnk, inayoorodhesha vifaa vya ndani na draiva zake. Kadi ikajitaja: Broadcom BCM43142, namba 14e4:4365. Chini yake, mstari wa "Kernel driver in use" haukuwepo. Basi, kadi ni nzima, inaonekana, ila hakuna draiva ya kuiendesha. Wewe ukiona draiva ipo lakini waifai imelala, piga rfkill list kwanza, huenda imezimwa tu kwa kitufe.

Draiva ya kadi hii inaitwa wl, imo kwenye kifurushi cha bcmwl-kernel-source. Kifurushi kiko intaneti, na intaneti ndiyo ninayoitafuta. Hapa ndipo simu ilipofanya kazi ambayo wengi hawaijui. Nilichomeka simu ya Android kwa waya wa USB, nikaingia kwenye mipangilio ya hotspoti, nikawasha ya USB. Ubuntu ikaitambua papo hapo kama mtandao wa waya, bila kuweka kitu chochote. Na raha yenyewe hii: simu ilikuwa kwenye waifai ya nyumbani, kwa hiyo ilikuwa inapokea waifai na kuipitisha kwenye waya. Bando langu halikuguswa. Angalia tu waya wako, maana kuna za kuchaji tupu zisizopitisha data. Ya kwanza niliyoichomeka ilikuwa ya aina hiyo, simu ikachaji na kompyuta isione kitu.

sudo apt update, kisha sudo apt install bcmwl-kernel-source. Katikati ikaniomba nitunge nywila kwa ajili ya Secure Boot, ule ulinzi wa mashine unaokataa draiva isiyo na sahihi inayoaminika. Usiipite hatua hii kwa haraka. Mashine ikiwaka upya inatokea skrini ya bluu ya MOK, yaani ya kuidhinisha ufunguo wa sahihi hiyo, inakusubiri sekunde 10 tu ubonyeze kitufe. Mimi skrini hiyo ilinipita nikiwa nimekwenda kufungua mlango, waifai ikabaki kimya. Nikajaribu kuiwasha draiva kwa sudo modprobe wl, jibu likaja: "Key was rejected by service", yaani ufunguo umekataliwa. Jibu zuri sana hilo, kwa sababu linaonyesha draiva ipo tayari, kinachokosekana ni kibali. Nikaandika sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der ili skrini ile irudi, nikatunga nywila tena, nikawasha upya nikiwa nimekaa mbele ya kioo. Enroll MOK, Continue, Yes, nywila, Reboot.

Majina ya waifai za majirani yakajipanga kwenye orodha, na yangu juu kabisa.

Tangu hapo kerneli, kiini cha mfumo, ikisasishwa, programu iitwayo DKMS huijenga draiva upya yenyewe, sigusi kitu. Ile pesa ya kadi niliongezea kidogo nikanunua RAM.