Ramani ya Tandale kwa kadi za harusi: tulivyoibandika bila bango la PVC

Kikundi chetu cha mtaani hapa Tandale, Dar es Salaam, kimetengeneza ramani kubwa ya mtaa wetu kwa kubandika karatasi chakavu juu ya maboksi. Kwanza niwajibu walioniambia "chapisha bango tu, mnajisumbua nini." Fundi mabango mmoja alitukadiria laki na ushee kwa bango la PVC (lile la plastiki), mita mbili kwa tatu, bila usafiri. Sawa. Lakini bango ni la aliyelichapisha. Sisi tulitaka kitu ambacho mtu akisimama mbele yake anasema, "Kona ile nimebandika mimi na mwanangu."

Mshauri wa pili alikuwa mzee mmoja mstaafu, anapenda sana neno "utaratibu." Akasema ramani halali inanunuliwa serikalini, ile ya 1:50,000. Nikamheshimu, nikaondoka na rula yangu. Kwenye ramani ya namna hiyo kilomita moja ni sentimita 2. Mtaa wetu ungefunikwa na kidole gumba, na vichochoro visingeonekana kabisa. Wakati Tandale imeshachorwa nyumba kwa nyumba! Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walipita na wakazi wakiwa na GPS mkononi, halafu kuanzia 2015 Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani pamoja na wakazi, wakachora kata nyingi za Dar kwa sababu ya mafuriko. Zote ziko OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, bure, sharti lao ni uwataje waliochangia. Nikatoa sehemu inayopita Mto Ng'ombe kwa kipimo cha 1:5,000, A4 moja, steshenari ya jirani.

Karatasi za kuchangiwa nilidhani ndiyo kazi rahisi. Thubutu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, gazeti la zamani lina bei. Muuza karanga analitaka, muuza maandazi analitaka, na mwenye duka anakuuliza "unanipa shilingi ngapi kwa kilo?" kabla hujamaliza kusema shikamoo. Ukienda kuomba, nenda na mtoto wa mtaani hapo anayejulikana. Mtu mzima peke yake anaonekana mfanyabiashara.

Mwisho tulipata vya kutosha: magazeti kadhaa, mitihani ya zamani ya twisheni, karatasi za kaki za mifuko ya saruji (zile za katikati; ya ndani kabisa iliyogusa saruji ina vumbi, ikung'uteni nje kwanza), manila za bluu kutoka chekechea, na maboksi ya friji ya kuwa ubao. Ila mgodi halisi ulikuwa kadi za harusi. Kila nyumba ina mfuko wa kadi juu ya kabati. Kadi za michango, kadi za mwaliko, singo, dabo, zenye dhahabu na zenye utepe. Hakuna anayethubutu kuzitupa na hakuna anayejua azifanyie nini. Mama mmoja alitukabidhi za miaka na miaka, akasema, "Chukueni wanangu, wengine hapo walishaachana."

Sasa kukuza. A4 tukaigawa miraba ya sentimita 3, na kila mraba ukawa kipande cha boksi cha sentimita 30. Ubao mzima ukaja mita 2.1 kwa 2.7, na nyumba ya mita kumi ikawa sentimita 2. Vipande tukavigawa kwa vikundi, kila kikundi kichore chake nyumbani. Hapa ndipo palipochekesha. Siku ya kuviunganisha, Mto Ng'ombe unaingia mraba wa pili pembeni ya msikiti, unatokea mraba wa tatu katikati ya saluni. Barabara inakuja vizuri, inagonga ukingo, haipo tena. Wa kushoto wanawalaumu wa kulia, wa kulia wanasema mto wao ndio sahihi maana wanaishi kando yake. Kelele hadi mjumbe akaja kuuliza kama kuna kesi.

Aliyetuokoa ni fundi cherehani wa pale kibarazani, ambaye hata hakuwa mwanakikundi. Alikuwa anatuangalia huku anapiga pindo. Akasema, "Nyie mnashona bega bila kupima mkono." Akachukua chaki yake, akapanga vipande vyote chini, akapita kwenye kingo tu: hapa barabara inavuka, tiki; hapa mto unavuka, tiki mbili; hapa mfereji. Mtu mmoja, jicho moja, kingo zote, kabla yeyote hajachora cha katikati. Halafu kila kikundi kikarudi na kipande chake na kazi ikawa kuunganisha tiki kwa tiki. Vilipokutana tena, mto ulishuka kama ulivyo. Mkisoma hapa na kusahau yote, shikeni hilo la kingo.

Gundi. Kuna bwana kijiweni anayejua kila kitu. "Unga wa ngano wa nini, ghali, pikeni sembe." Wenzangu wakamsikiliza, mimi nilikuwa Kariakoo. Sembe ikikauka inapasuka na karatasi inadondoka vipande vipande, na usiku panya wakafanya karamu. Asubuhi eneo zima la sokoni limeliwa, nadhani walijua ni soko. Tukahamia unga wa muhogo. Koroga na maji baridi kwanza, kisha moto mdogo huku ukikoroga hadi rangi nyeupe iondoke, ianze kung'aa na kuvutika. Ikipoa, tia mrututu kidogo (ile chumvi ya bluu ya shaba), kama wanavyofanya wajalidi wa vitabu, na wadudu hawagusi. Mrututu ni sumu jamani, watoto wakae mbali, watu wazima wavae glavu. Watoto tuliwapa kazi ya kuchana.

Na kuchana kuna siri yake. Gazeti likichanwa kutoka juu kwenda chini linakwenda sawa, likichanwa kwa upana linapinda linakotaka. Kwa hiyo barabara zote ni gazeti la juu-chini, na vichochoro ni gazeti la upana, vinajipinda vyenyewe kama vya kwetu kweli. Karatasi za kalenda zinazong'aa hazinywi gundi, zisugue msasa kwanza. Na boksi libandikwe karatasi nyuma pia, la sivyo litakunja mgongo likikauka.

Nyumba tukazikata kwenye kadi. Majengo makubwa yalipata kadi karibu nzima, na hapo tukapata aibu ndogo. Siku ya kuionyesha, ofisi ya serikali ya mtaa imejaa, mzee mmoja anayeheshimika sana kasimama mbele ya paa la soko. Anasoma. Watu wanaanza kusoma naye. Paa limeandikwa jina lake kamili na "tunaomba mchango wako usiopungua..." Kimya kidogo, kisha: "Hii nililipa! Muulizeni mwenyekiti wa kamati!" Mwenyekiti wa kamati alikuwepo. Akaangalia dari. Tangu hapo kadi zote za michango tunazibandika kifudifudi, jina ndani.

Manila za bluu zilikuwa za mto, lakini zilizidi, na wazee wakaanza kubishana maji ya Desemba 2011 yalifika wapi. Tukawapa bluu mkononi, wakabandika wenyewe, nyumba moja baada ya nyingine, mpaka wakafika mbali kuliko nilivyowahi kusikia. Bibi mmoja alikataa kabisa nyumba yake iachwe kavu. "Nilikaa juu ya meza na kuku wangu, wewe unaniambia hayakufika?" Tukambandikia.

Gharama yote labda elfu arobaini, nyingi imekwenda kwenye chai na mihogo ya kukaanga ya wachanaji. Pembeni chini tumeandika kwa mkono kwamba ramani imetoka kwa wachangiaji wa OpenStreetMap, na jina la fundi cherehani, ambaye anadai sasa tumlipie chaki. Mrututu umebaki nusu pakiti. Anayeutaka aje, ila aje mtu mzima, na asimtume yule bwana wa sembe.