Tulianzia jikoni: ziara ya Gredi ya 8 kwenye nyumba ya Karen Blixen

"Mwalimu, kwani tunalipa ili watoto wakaonyeshwe kitanda cha mzungu?"

Baba mmoja aliuliza hivyo katika mkutano wa wazazi, ukumbi mzima ukacheka. Nami nilicheka, lakini swali nililiandika. Nilimjibu kwamba kitanda watakiona, ila ninachowapeleka kutafuta ni nani aliyekitandika. Sidhani kama alishawishika siku hiyo. Pesa alitoa.

Nafundisha Masomo ya Jamii katika shule ya umma huku Eastlands, Nairobi. Tripu za shule zetu mnazijua: basi linaondoka kabla ya jua, watoto wanapitishwa mbio kwa wanyama yatima, kwa twiga wa Lang'ata, Bomas na makavazi, wanarudi jioni wamelala midomo wazi. Kesho yake ukiwauliza waliona nini, wanakwambia twiga na chipsi. Safari hii tulikuwa tukisoma ukoloni, nami nikataka mahali pamoja tu, nyumba ya Blixen. Mwalimu Mkuu alikuwa na wasiwasi kwamba wazazi wataona wamepunjwa. Nilichofanya ni kuketi na mwalimu wa hesabu, tukatoa viingilio vya hizo sehemu nyingine zote, tukampelekea bei mpya. Hotuba yangu kuhusu umuhimu wa historia haikumgusa kama ile karatasi ya hesabu.

Pesa zilikusanywa na wawakilishi wa wazazi wa kila darasa kwa M-Pesa, kidogo kidogo, kuanzia mwanzo wa muhula. Kiingilio chenyewe siku hizi kinalipiwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hiyo nilimaliza mapema na kuchapisha risiti. Beba pia barua ya shule yenye muhuri. Na kama unatoka Jogoo Road, ondoka mapema kuliko unavyodhani inafaa.

Kazi kubwa ilikuwa kabla ya safari. Nilienda peke yangu Jumamosi moja kuitazama nyumba kwa jicho la mwalimu. Ni nyumba ya mawe, nzuri, na bustani yake inatazama Milima ya Ngong. Ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi Mswidi, na Karen Blixen, mwandishi Mdenmaki aliyekuwa na shamba la kahawa hapo, aliishi humo kuanzia 1917 hadi 1931. Serikali ya Denmark iliinunua na kuikabidhi Kenya wakati wa uhuru, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makavazi. Ndani kuna vitabu, ngozi za wanyama, saa ya ukutani, bafu, meza iliyoandaliwa kana kwamba wageni wako njiani. Vyumba ni vidogo. Ukiingiza darasa zima kwa mpigo, wa nyuma wataona migongo ya wenzao.

Jambo lililonisumbua ni kwamba nyumba hiyo inakuvuta. Ukiingia kwa mlango wa mbele unakuwa mgeni wa mwenye nyumba. Unapita sebuleni, unasimuliwa habari za mpenzi wake, Denys Finch Hatton, na ndege yake iliyoanguka Voi mwaka 1931, na moyo unakuwa upande wa Blixen kabla hujauliza lolote. Mtu mzima anaweza kujikwamua. Mtoto wa miaka kumi na tatu atatoka akisema maskini mama huyu, na ukoloni utakuwa umekwisha hapo.

Kwa hiyo nilimwomba mwelekezi, kwa heshima, tugeuze njia. Tuanzie nyuma. Jiko liko kwenye jengo la peke yake, mbali kidogo na nyumba, lina jiko la kuni la chuma na vyombo vya enzi hizo. Halafu twende kwenye mashine za zamani za kahawa zilizoko kwenye uwanja, chini ya miti. Sebule iwe mwisho. Aliniangalia kidogo, akacheka, akasema, "Hakuna shida, mwalimu. Hata mimi nitapumzika kusema yale yale."

Niliwapa wanafunzi kazi moja tu ya kufanya nyumbani: ulizeni kama kuna mtu katika ukoo wenu aliyefanya kazi kwenye shamba au nyumba ya mzungu. Nilitarajia majibu machache, maana wengi wamezaliwa hapa hapa mjini. Yalikuja mengi. Kuna aliyeleta habari za babu mkuu aliyekuwa mpishi Kitale. Mwingine, baba mkuu wake alikata mkonge Thika. Msichana mmoja alimpigia nyanya yake simu huko Kiambu, akaambiwa jinsi mama yake nyanya alivyochuma kahawa akilipwa kwa debe, na jinsi msimamizi alivyokuwa akilitikisa debe ili kahawa ishuke na kuonekana haijajaa. Darasa lilinyamaza, kisha mvulana mmoja akasema, "Kumbe kama kina mama wa sokoni!" Wakaanza kubishana ni nani anayetikisa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, kwa faida ya nani. Ubishi huo nisingeweza kuupanga.

Niliongeza mambo machache ya sheria, kwa sababu bila hayo nyumba haieleweki. Sheria ya ardhi ya 1915 iliwaruhusu walowezi kukodi ardhi kwa miaka 999. Nambari hiyo iliwachekesha hadi mmoja alipopiga hesabu na kusema ingeisha mwaka 2914. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota kumfanyia mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa na kulima kipande cha ardhi ambacho mara nyingi kilikuwa cha jamaa zake tangu zamani. Kulikuwa na kodi ya nyumba iliyotozwa na serikali, ambayo ililazimu mwanamume kutafuta pesa hata kama hakuzihitaji. Na kulikuwa na kipande, kitambulisho cha kazi cha mwanamume Mwafrika, kilichoning'inizwa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Mwafrika mwenyewe alizuiwa kupanda kahawa hadi miaka ya 1930. Hili la mwisho ndilo lililowaudhi zaidi. Mikono ni yako, udongo ni wa kwenu, na mche huruhusiwi kuwa nao.

Siku ya safari tuligawanyika makundi matatu: moja jikoni, moja kwenye mashine, moja ndani, kisha tukabadilishana, ila kundi la kwanza kuingia ndani lilikuwa la wale niliowajua kuwa hawadanganyiki kwa urahisi. Sikuwapa yale makaratasi ya maswali ishirini; mtoto akipewa karatasi hiyo anatazama karatasi, hatazami kitu. Kila mmoja alichagua kitu kimoja na kukiuliza: nani alikitengeneza, nani alikisafisha, nani alikitumia?

Jikoni walikaa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Mwelekezi aliwaeleza habari za Kamante Gatura, aliyefika akiwa mtoto mwenye vidonda mguuni, akatibiwa, akawa mpishi aliyesifiwa na wageni. Kumbukumbu zake mwenyewe zilichapishwa mwaka 1975, jambo ambalo wapishi wengi wa enzi hiyo hawakubahatika. Mwanafunzi mmoja alihesabu hatua kutoka jikoni hadi meza ya chakula, akirudi akijifanya amebeba supu. Wenzake wakamfuata. Kwa dakika kadhaa nilikuwa na msururu wa wahudumu wenye sare za shule wakipita kwenye nyasi, na watalii wawili wakiwapisha.

Kwenye mashine tulizungumzia kushindwa kwa shamba. Lilikuwa na maelfu ya ekari, ekari 600 hivi zikiwa za kahawa, lakini mahali penyewe ni juu mno na penye baridi, mvua haikutosha, na mwaka 1923 kiwanda kiliteketea. Mwaka 1931 shamba likauzwa, aliyelinunua akaligawa viwanja, na ndiyo hiyo mitaa ya Karen ya mageti na ua mrefu waliyoipita wakiwa kwenye basi. Niliwaacha wauone uhusiano huo wenyewe. Waliuona.

Ndani ya nyumba swali la "kitu hiki kimetoka wapi" lilitupa zawadi. Baadhi ya vyombo ni vya Blixen mwenyewe, vingine vilitolewa baada ya kutumika kwenye Out of Africa, filamu ya 1985 kuhusu maisha yake. Mvulana aliyekuwa amechora kabati kwa uangalifu mkubwa alinuna. "Madam, sasa mimi nimechora historia ama sinema?" Nilimwambia aandike swali hilo hilo chini ya mchoro, na ndiyo kazi niliyoipa alama za juu.

Mjadala wa wiki iliyofuata haukuwa na mshindi. Nusu ya darasa ilishika kwamba Blixen alikuwa mtu mwema: aliwafungulia watoto wa shambani shule, alitibu wagonjwa, na shamba lilipouzwa aliwapigania maskwota mpaka wakapewa ardhi ya kukaa pamoja kwenye msitu wa Dagoretti. Nusu nyingine ikauliza kwa nini watu waombewe ardhi kwao. Msichana yule wa nyanya wa Kiambu alisema mtu anaweza kukutendea wema na bado awe amekaa kwenye kiti chako. Sikumjibu, na wala sikufunga mjadala. Kusema kweli, mimi mwenyewe niko upande wake, lakini nadhani walikuwa wamenijua tangu tulipoanzia jikoni.

Kwa mwalimu anayetaka kujaribu: zungumza na mwelekezi kabla, si siku yenyewe mbele ya watoto. Ondoa sehemu nyingine zote kwenye ratiba hata wakikulilia. Chakula kiliwe baada ya kila kitu, kwa sababu chapati ikishatoka kwenye mkebe hakuna atakayekusikiliza tena.

Tuliposoma kuhusu kipande niliwagusia maandamano ya Machi 1922, watu walipokusanyika nje ya kituo cha polisi hapa Nairobi kudai Harry Thuku, kiongozi aliyepinga kipande na kodi, aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mstari wa mbele, wakapigwa risasi. Sasa wanataka kusimama pale pale. Mwalimu Mkuu ameniomba bajeti ya muhula ujao. Nimemwandikia nauli ya matatu kwenda na kurudi mjini, na maji ya kunywa.