Mimea niliyochagua kwa kivuli cha uani, Minneapolis

Nyuma ya nyumba yetu kuna mti mkubwa wa mepo, ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Kiangazi, jua halipenyi chini yake zaidi ya saa mbili tatu, na mizizi yake iko juujuu, inafyonza maji kabla mche haujapata tone. Baridi ya Januari nayo ikichachamaa hukaribia nyuzi 30 chini ya sifuri. Kwa hiyo sikutafuta mmea wa kivuli tu. Nilitaka unaovumilia kivuli, baridi na ukavu kwa pamoja, na huo ukavu ndio watu husahau.

Marekani, lebo za miche mingi huonyesha kanda yake ya baridi; namba ikipungua, mmea unahimili baridi kali zaidi. Ramani ya kanda hizo ya mwaka 2023 imetuweka kanda ya 5. Hata hivyo mimi nanunua ya kanda ya 4 au ya 3, maana usiku mmoja mbaya unatosha kuua.

Ua linalouzwa sana kwa ajili ya vivuli ni impatiens, na asili yake ni kwetu, Kenya mpaka Msumbiji. Nalipenda mno, nalipanda kwenye vyungu mlangoni. Lakini sakitu ya kwanza ikishuka, shina lote linalegea na kuoza. Chini ya mti silitegemei.

Karibu na shina nimepanda tangawizi mwitu, mmea wa asili wa huku, wenye majani ya umbo la moyo yanayofunika ardhi. Mzizi wake unanukia tangawizi kabisa, ila si jamii moja na tangawizi yetu, na una sumu inayoharibu figo. Nyumbani nimewaonya wote: usitiwe kwenye chai! Hosta, mmea wa kivuli wenye majani mapana, na makangaga hupenda unyevu, hivyo nimeyaweka mbali na mti, pale maji ya paa yanapomwagika.

Kupanda kwenyewe kulitaka subira. Nilinunua miche midogo, nikachimba vishimo kati ya mizizi bila kukata mizizi minene. Udongo sikuurundika juu, kwa sababu mizizi ya mti hukosa hewa. Msimu wa kwanza nilimwagilia kila wiki mvua iliposhindwa kunyesha.

Majani yakipukutika siyatupi. Ya mepo ni mapana na hugandamana yakilowa, kwa hiyo nayapitishia mashine ya kukatia nyasi kwanza, kisha nayatandaza. Theluji ikilala juu yake, udongo haugandi na kuyeyuka mara kwa mara, jambo ambalo husukuma miche michanga nje ya ardhi. Aprili nayapunguza kwa mkono, si kwa reki, maana chipukizi za hosta huwa karibu kuchomoza na hukatika upesi.